Maswali mnayoniuliza kila mwaka kuhusu konsati za Proms pale Royal Albert Hall

Kila ikifika mwezi wa sita simu yangu inaanza. Ndugu, jamaa, watu wa kanisani, watu wanaokuja London kutembea wiki mbili, wote maswali yaleyale, sasa nimeona niyaweke yote sehemu moja. Mimi nimekua naenda miaka mingi, karibu kila mara nasimama pale chini kwenye tiketi za bei ndogo, na napenda sana watu wetu wawe wanaenda maana kitu kizuri hivi kipo mjini kwetu na wengi wanapita nje tu wanadhani sio chao.

## Kwanza kabisa

Proms ni nini hasa?

Ni msimu wa konsati za muziki wa klasiki, unafanyika London kila kiangazi kwa karibu wiki nane, kuanzia katikati ya Julai mpaka Jumamosi ya pili ya Septemba. Karibu kila siku kuna konsati, siku zingine mbili. Jina linatokana na neno la Kiingereza promenade, yaani kutembeatembea, maana zamani wasikilizaji walikua wanasimama na kuzunguka huku okestra inapiga, wanakula na kuvuta sigara zao.

Zilianza tarehe 10 Agosti 1895 kwenye ukumbi mwingine kabisa ulioitwa Queen's Hall. Meneja wa ukumbi, Robert Newman, alitaka mtu wa kawaida aingie kwa shilingi moja ya Kiingereza ya wakati ule, aanze na vitu vyepesi alafu taratibu masikio yazoee vile vizito, na kazi ya kuongoza okestra akampa kijana wa miaka 26 anaitwa Henry Wood. Wood akaongoza karibu miaka 50, mpaka mwaka aliofariki, 1944. Mwaka 1927 BBC wakazichukua, ndio hawahawa wenye Idhaa ya Kiswahili, na mpaka leo kila konsati inatoka moja kwa moja kwenye redio yao ya Radio 3.

Queen's Hall yenyewe haipo tena. Mwezi Mei 1941 mabomu ya Wajerumani yaliunguza jengo lote, na kiangazi hichohicho konsati zikahamia Royal Albert Hall, vita vikiwa bado vinaendelea. Sanamu ya kichwa cha Henry Wood iliokolewa kwenye yale magofu, na kila msimu inawekwa jukwaani mbele ya kinanda kikubwa. Ukiingia itafute, ipo pale juu katikati.

Na huo ukumbi una nini cha ajabu?

Kwanza umbo lake, ni duara lililobanwa kidogo, la matofali mekundu, limefunikwa na kuba la chuma na kioo. Malkia Victoria aliweka jiwe la msingi 1867 na siku hiyo ndio akabadilisha jina, ulikua uitwe Ukumbi wa Sanaa na Sayansi tu, yeye akaongeza jina la mumewe Albert aliyefariki 1861. Ulifunguliwa tarehe 29 Machi 1871, na Malkia alizidiwa na hisia akashindwa kuhutubia, mwanae ndio akatamka kwamba umefunguliwa.

Siku hiyohiyo ya ufunguzi likagundulika tatizo, askofu wa London aliposali sauti yake ilirudi kutoka juu kwenye kuba. Huo mwangwi ulisumbua karibu miaka 100, mpaka 1969 waliponing'iniza sahani kubwa za plastiki ngumu chini ya kuba. Watu wanaziita uyoga. Ukisimama katikati ukaangalia juu utaziona, kubwa kwa ndogo, zinaelea tu, na taa zikipigwa rangi ya zambarau unaweza kusahau kilichokuleta.

Pesa za kujenga zilipatikana kwa kuuza viti, kiti kimoja paundi 100 kwa miaka 999. Kwa hiyo mpaka leo kuna viti zaidi ya 1,200 mle ndani ambavyo ni mali za watu binafsi.

Si muziki wa wazungu tu huu, mimi unanihusu nini?

Hili ndio swali naloulizwa kuliko yote, na nalijibu kwa moyo wote kila mara.

Kuanzia 1924 mpaka 1939, karibu kila mwaka ukumbi huuhuu ulikua unajaa watu kuangalia kazi moja ya kwaya na okestra kuhusu Hiawatha, shujaa wa hadithi za wenyeji wa Amerika, wanakwaya mamia wamevaa maleba, watu wa London walikua wanaingoja kama sikukuu. Aliyeitunga ni Samuel Coleridge-Taylor, mtoto wa daktari kutoka Sierra Leone na mama Mwingereza, kazaliwa London 1875. Sehemu ya kwanza ilipotoka 1898 alikua na miaka 23, akawauzia wachapishaji haki zote kwa gini 15, hesabu ya pesa ya Kiingereza ya wakati ule, na hakupata kitu zaidi ya hapo wakati nakala zinauzwa kwa maelfu. Kafariki 1912 kwa nimonia, miaka 37 tu. Watu waliumia sana kuona familia yake imebaki bila kitu, na kisa chake ni moja ya vitu vilivyosukuma watunzi Uingereza waunde chama chao cha kukusanya mirabaha mwaka 1914. Kwa hiyo ukisikia mtu mweusi anakwambia pale sio mahali pake mwambie habari za Coleridge-Taylor.

Sio zamani tu. Chineke! ni okestra iliyoanzishwa 2015 na Chi-chi Nwanoku, mpiga besi ambaye baba yake ni Mnigeria, wanamuziki wake wengi ni weusi na wa asili mbalimbali, na Agosti 2017 walipiga Proms kwa mara ya kwanza, usiku huohuo kijana Sheku Kanneh-Mason akapiga selo. Huko nyumbani Afrika pia vipo, Kinshasa kuna okestra ya simfoni ya Wakimbangu, kanisa la hukohuko Kongo, tangu 1994, Nairobi watoto wa Korogocho wanajifunza violini na tarumbeta kwenye Ghetto Classics.

Alafu watu wa pwani msiniambie fidla ni kitu kigeni. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja ipo tangu 1905, fidla, selo, besi, ganuni, kinanda, yaani sauti ya nyuzi nyingi zinavutwa pamoja tumeizoea toka utotoni. Tofauti kubwa iko kwa hadhira, kwenye taarabu ukiguswa unainuka unaenda kutunza na kila mtu anakuona, hapa ukiguswa unabaki nayo kifuani mpaka mwisho. Mwanzoni inakua ngumu kweli.

Nitakua mweusi peke yangu?

Peke yako hapana. Wachache, ndio, usiku mwingi tuko wachache na sitaki kukudanganya. Lakini pale chini wanaposimama watu hakuna mtu anaekuangalia, kila mtu kageukia jukwaani. Kama unataka kuanza na usiku wenye watu wetu wengi zaidi angalia kwenye ratiba siku ya Chineke! au siku za muziki wa injili na jazi.

## Tiketi

Tiketi bei gani?

Za viti zinatofautiana sana kutegemea kiti na usiku, na zinaanza kuuzwa kwa wote mwezi Mei, ratiba yenyewe hutoka Aprili. Ila mimi siku zote nasema nenda ukasimame. Kwa kila konsati kuna tiketi za kusimama, wakati mwingine mpaka karibu 1,000, miaka ya karibuni zimekua paundi 8 na zinauzwa onlaini asubuhi ya siku hiyohiyo. Paundi 8 kusikiliza okestra zilezile ambazo wengine wanalipa paundi 60 kuzisikia! Fungua akaunti kwenye tovuti ya ukumbi siku moja kabla, weka kadi yako, asubuhi uwe tayari na simu mkononi.

Nisimame Arena au Gallery?

Arena ni ile sakafu ya katikati, mbele ya jukwaa kabisa, hakuna viti. Gallery ni juu kabisa kuzunguka ukumbi, chini kidogo ya kuba. Bei moja.

Kama ni mara yako ya kwanza, Arena, usifikirie mara mbili. Unasimama hatua chache kutoka kwa wapiga violini, unaona jasho la kondakta, yule anaeongoza okestra kwa kijiti, unamuona mpiga filimbi anavuta pumzi kabla hajaanza. Besi zikivutwa kwa nguvu unazisikia kwenye nyayo kabla ya masikio, sakafu inatetemeka kidogo. Na kile kinanda cha mabomba nyuma ya jukwaa, kina mabomba 9,999, siku kinapofunguliwa chote hewa ya ukumbi mzima inasukuma kifua chako, niliisikia mara ya kwanza kwenye ile simfoni, yaani kazi ndefu ya okestra, ya Saint-Saëns yenye kinanda na nilibaki nimeshika mkono wa dada niliyekuja nae.

Gallery ni kwa mtu anaetaka nafasi. Kule unaweza kulala chini kabisa na kitambaa chako ukafumba macho ukasikiliza, watu wanafanya hivyo na hakuna anaewasemesha. Sauti inafika ikiwa imechanganyika vizuri ila wanamuziki unawaona wadogo sana.

Tiketi zimeisha, nifanyeje?

Endelea kuangalia tovuti mchana, zinarudishwa nyingi, hasa za viti. Na sio lazima iwe Proms, ukumbi unapiga klasiki miezi mingine pia. Kwa watu wa kwaya ambao mmeimba Haleluya ya Handel kila Pasaka kanisani kwenu, Royal Choral Society wanaimba Messiah nzima pale Ijumaa Kuu, utamaduni wa tangu 1876. Ikifika Haleluya watu wanasimama, kama nyumbani tu.

## Kujiandaa

Nivae nini?

Chochote kisafi. Watu wanakuja na jinsi, raba, kaptura, wengine wametoka kazini na sare. Mama mmoja aliniuliza kama lazima anunue gauni refu, nikamwambia vaa kitenge chako ukipenda, na alivaa, akapendeza. Kitu cha muhimu ni viatu, angalia swali la miguu huko chini. Na nguo nyepesi, Agosti mle ndani joto linapanda mpaka watu wanajipepea na vitabu vya programu.

Sijui chochote kuhusu klasiki, nianze na usiku gani?

Huhitaji kujua kusoma noti wala majina. Chagua usiku wenye kitu kinachotembea chenyewe, mfano simfoni ya tisa ya Dvořák ile ya Dunia Mpya, au ya tano ya Beethoven, au ile kazi ya violini na okestra ya Tchaikovsky, kuliko usiku wa kazi moja ya saa moja na nusu ya Bruckner. Ya Bruckner itakuja tu, usianze nayo.

Siku mbili kabla tafuta hiyo kazi YouTube, isikilize ukiwa unapika. Ukifika ukumbini ile sehemu unayoikumbuka ikianza utashtuka mwenyewe, kama umekutana na mtu mnayefahamiana katikati ya mji wa ugenini.

Naweza kuja na mtoto?

Chini ya miaka 5 kwa kawaida hawaruhusiwi kwenye konsati za Proms. Kuanzia hapo inategemea mtoto wako, chagua konsati ya mchana au zile za familia. Na wenye watoto wenye usonji au wasioweza kukaa kimya, tangu 2017 Proms wamekua wakiandaa konsati tulivu ambazo mtoto anaruhusiwa kutoa sauti, kuinuka, kutoka na kurudi. Mzazi mwenzangu hii itafute, usijifungie ndani kwa kuogopa macho ya watu.

Nafikaje?

Shuka stesheni ya South Kensington, panda Exhibition Road moja kwa moja, dakika kama kumi na tano kwa miguu. Basi namba 9 na 52 zinapita mlangoni. Mwambie mgeni wako aangalie upande wa pili wa barabara kuna mnara wa dhahabu wa Prince Albert amekaa, kwenye kona zake kuna sanamu za mabara manne, la Afrika lina ngamia. Mimi wageni wangu nawaambia tukutane kwenye ngamia, hajawahi kupotea mtu.

Fika nusu saa kabla, mabegi yanakaguliwa na mabegi makubwa hayaingii. Konsati nyingi zinaanza saa moja au saa moja na nusu jioni.

## Ndani ya ukumbi

Napiga makofi saa ngapi?

Wengi wanaliogopa hili kuliko bei. Simfoni moja mara nyingi ina sehemu nne na kati ya sehemu na sehemu kuna kimya kifupi, pale kwa kawaida watu hawapigi. Unasubiri mpaka yote iishe. Dalili ni kondakta, akishusha mikono kabisa na kugeukia watu basi imeisha. Kama mikono bado iko juu, hata kama kimya kimekua kirefu, subiri.

Lakini ukikosea hakuna kitakachotokea. Kuna simfoni ya sita ya Tchaikovsky, sehemu ya tatu inaisha kwa kishindo kikubwa kabisa kama ndio mwisho, na karibu kila inapopigwa Proms watu wanapiga makofi, mimi pia nilipiga kwa nguvu zangu zote, mzee aliyekua pembeni yangu akatabasamu tu akaninong'oneza kwamba bado moja. Na ile iliyobaki ilikua ya huzuni sana, inafifia inafifia mpaka selo na besi peke yake zinabaki, alafu hakuna kitu. Watu elfu kadhaa, kimya. Nadhani ndio siku nilielewa kwa nini wanasubiri.

Kwa nini watu wa chini wanapiga kelele piano inapofunguliwa?

Ni desturi ya wanaosimama. Mfuniko wa piano ukiinuliwa, wa Arena wanaita kama watu wanaovuta kamba na wa Gallery wanaitikia. Pia wanapiga makofi pale kiongozi wa wapiga violini anapobonyeza noti moja kwenye piano ili okestra irekebishe nyuzi zake. Ukitaka kuitikia itikia.

Simu? Kukohoa? Kusinzia?

Simu zima kabisa, mwanga wake gizani unaharibia watu kumi nyuma yako, picha piga kabla na baada. Kukohoa, beba peremende na uifungue mapema, ile karatasi ina sauti kuliko kikohozi chenyewe. Kusinzia ruksa, ukitoka zamu ya usiku unasinzia, usikorome tu.

Kuna mapumziko?

Mara nyingi ndio, kama dakika 20. Wa Arena wote wanakaa chini sakafuni, wanatoa vyakula vyao, na hapo ndio watu wanaongea. Nimewahi kula biskuti za bibi mmoja aliyeniambia amekua akija tangu akiwa mwanafunzi, na akanionyesha sehemu yake, mkono wa kushoto karibu na uzio, kila mwaka hapohapo. Wanaosimama pia wanapita na ndoo kuchangisha kwa ajili ya mifuko ya wanamuziki wenye shida, tia hata sarafu moja.

## Maswali ya mambo yasiyo ya kawaida

Swala nafanyaje?

Inategemea mwezi. Katikati ya Julai jua linazama London karibu saa tatu na dakika kumi usiku, konsati ya saa moja na nusu huisha kama saa tatu na nusu au tatu na dakika arobaini na tano, kwa hiyo Magharibi unaiwahi ukitoka. Mwanzoni mwa Septemba ndio ngumu, jua linazama karibu saa mbili kasorobo na linakukuta ndani, hapo unaswali wakati wa mapumziko, muulize mhudumu akuonyeshe kona tulivu. Angalia muda wa mapumziko kwenye programu kabla hujanunua tiketi.

Miguu yangu haiwezi kusimama saa mbili.

Basi nunua kiti, kuna vya bei nafuu kule juu. Kwa wenye viti vya magurudumu kuna nafasi maalum na lifti, piga simu ofisi ya tiketi mapema useme unachohitaji. Kwa wenye miguu mizima ila wanachoka, kunja magoti kidogo kila baada ya muda, usiyakaze, kukaza magoti kwenye joto ndio kunaangusha watu.

Kuna mtu amewahi kuanguka kweli?

Kawaida sana, na wahudumu wa huduma ya kwanza wapo. Tukio kubwa kuliko yote lilitokea 1974, okestra inapiga Carmina Burana, joto kali, na aliyezidiwa alikua mwimbaji mwenyewe Thomas Allen, pale pale jukwaani katikati ya kazi. Kijana mmoja kwenye hadhira, Patrick McCarthy, alikua anaijua ile kazi, akaenda nyuma ya jukwaa akajitolea, wakamvalisha, akaimba mpaka mwisho mbele ya ukumbi mzima na redio.

Na ule usiku wa mwisho wa bendera?

Huo ni kitu tofauti, ni sherehe, bendera na nyimbo za kizalendo za Kiingereza, na tiketi zake ni ngumu sana. Wengine wanaupenda, wengine unawakaa vibaya. Usiuchukue kama kipimo cha Proms, usiku wa Jumanne wa kawaida ndio Proms.

Konsati inaweza kufutwa nikiwa nimeshafika?

Mara chache mno. Tarehe 8 Septemba 2022 okestra ya Philadelphia ilikua ipige, watu wako ndani tayari, taarifa ikaja kwamba Malkia Elizabeth amefariki. Wanamuziki walipanda jukwaani kama kawaida, wakapiga wimbo wa taifa, wakapiga Nimrod ya Elgar, kipande cha dakika chache tu, alafu ikawa basi. Watu wakatoka taratibu. Konsati zote zilizokua zimebaki mwaka ule zikafutwa, na ule usiku wa mwisho pia.

Kwa siku za kawaida kinachobadilika ni mwimbaji kuumwa au treni kugoma, kwa hiyo fungua tovuti yao mchana kabla hujatoka nyumbani, na treni angalia ya kwenda na ya kurudi.